Bado Yupo

Walikuwa wananipongeza. Nikienda dukani kununua sabuni, muuza duka anaacha kazi yake kuniambia, "Hongera, mama, mzee wako siku hizi ana heshima mpaka raha." Jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyekuwa akitusikia tukibishana kila siku ya Mungu, alinisimamisha mlangoni kunieleza kwamba sasa hata yeye anapata usingizi wa mchana. Angejua jinsi kiganja kilivyokuwa kinaniwasha, asingesimama karibu vile. Mimi nilikuwa nimefiwa, na watu walikuwa wananipa hongera badala ya pole.

Mume wangu ni fundi wa breki. Au alikuwa. Nikisema "alikuwa", mama mkwe ananikata jicho. Nikisema "ni", najisikia nasema uongo. Chagua mwenyewe lipi linakufaa, mimi neno hilo limenishinda.

Pale gereji hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Bado. Gari likishatengenezwa, dereva ameshapandisha vioo, bosi ameshaanza kutabasamu, mume wangu alikuwa anachukua funguo za gari lile, anazitia kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, na ukimuuliza kama kazi imekwisha anakujibu, "Bado." Halafu analiendesha mwenyewe mpaka kwenye kilima nyuma ya gereji, analishusha, anakanyaga breki, anarudi. Anashuka, anagusa gurudumu kwa mgongo wa mkono kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha ananusa vidole. "Bado." Anafungua upya. Madereva walimtukana, wakambembeleza, wakamtishia kwenda gereji nyingine. Aliwaambia waende, na wafike salama. Hawakwenda. Hakuna gari lililotoka pale mpaka yeye aseme tayari na kuutoa ufunguo mfukoni kwa mkono wake, na hata bosi, anayejifanya hamwogopi mtu, alikuwa akimzunguka kwa mbali kama mbwa aliyemwagiwa maji.

Mfuko ule una kifungo, na ni mimi niliyekishona. Nashona kava za viti vya magari, na cherehani yangu iko chini ya bati kwenye uwanja uleule wa gereji, upande wa pili wa shimo ambamo mafundi wanasimama kukagua magari kwa chini. Ndipo tulipojuana. Nilikuwa nimemaliza viti vya basi zima, mgongo unaniuma, na huyu bwana ambaye hata salamu hatujawahi kupeana akapanda, akakaa kwenye kiti, akajitikisa huku na huku, akasema, "Bado." Nikamwambia sindano yangu inatosha kushona na mdomo wa mtu. Alicheka mpaka akashika dirisha. Toka siku hiyo akaniita Sindano, na mimi nikakifumua kile kiti, maana alikuwa amesema kweli, sponji ilikuwa imekaa upande.

Siku wazee walipomkalisha kumuuliza kama yuko tayari kuoa, mafundi wote walikuja kusikiliza nje ya dirisha. Walishawekeana dau atajibu nini. Akanitazama, akasema, "Tayari," na nasikia mmoja alidondosha kofia yake.

Basi ndiyo yakawa maisha yetu. Chai bado, ongeza sukari. Mlango huu bado, unalia. Mtoto wetu alipozaliwa, mkunga akamsifia uzuri, yeye akasema bado, tungoje kwanza akue. Alibishana na redio. Alibishana na mvua. Mimi naye tulibishana tukiwa tunakula, tukiwa tunafua, tukiwa tumelala, na asiyetujua angedhani tunachukiana. Kumbe ndiyo mazungumzo yetu. Mtu anayekubishia amekusikiliza kwanza. Nilikuwa na mtu aliyenisikiliza maisha yangu yote ya utu uzima, na sikuwahi kumshukuru kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kumjibu.

Siku ya ajali sikuona, nilisikia. Walikuwa wanajaza upepo tairi la lori. Kitu kikapasuka, bati langu likatetemeka, na nilipoinua kichwa mume wangu alikuwa amelala chali, na ringi ya gurudumu ilikuwa bado inazunguka kwenye sakafu, taratibu, ikielekea kulala. Ilikuwa imempata kwenye paji la uso. Nilishika kichwa chake kwa mikono miwili na nikawa namgombeza. Nilimwambia inuka, mbishi wewe, usiniletee mambo.

Aliinuka. Ilichukua muda mrefu, hospitali ikawa kwetu, nikajua wauguzi kwa sauti za viatu vyao. Lakini aliinuka. Jeraha lilifunga, akala mwenyewe, akatembea mwenyewe, na daktari akaja na karatasi zake akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Unajisikia vizuri?"

"Vizuri."

"Kichwa hakiumi?"

"Hakiumi."

"Huyu unamfahamu? Ni mkeo?"

"Namfahamu. Ni mke wangu."

Daktari akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda. Nikalia kwa furaha, na nikawa nangoja. Nilikuwa nangoja neno moja tu. Nilijua akisema bado, hata kama ni kwa kulaani ule uji wa hospitali, basi amerudi. Muuguzi akamletea uji, akamuuliza kama mtamu, akasema mtamu. Uji ule, wallahi, ulikuwa maji ya kuoshea sufuria.

Tulipokuwa kwenye ukumbi tukingoja usafiri, nikamuuliza kwa namna yangu. "Mimi ni nani?"

Alifikiri. Akatabasamu, tabasamu zuri la mgeni. "Ni mama," akasema.

"Mama yupi?"

"Mama mzuri."

Nilijiambia amechoka.

Nyumbani alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja ofisini na kuambiwa asubiri ataitwa. Nikimwambia simama, anasimama. Nikisahau kumwambia kaa, anabaki amesimama. Kila nilichompa alisema, "Asante, mama." Alikuwa akisema asante kwa maji, kwa shati, kwa kufunguliwa mlango wa chumba chake mwenyewe. Siku moja nikampikia chai bila sukari hata chembe, nikaiweka mbele yake, nikasimama na kanga yangu mdomoni nikisubiri. Akainywa yote. "Asante, mama. Tamu." Kesho yake nikatia chumvi. Nilijua ninachofanya ni dhambi, lakini nilitia, tena ya kutosha. Akainywa yote, akaniangalia kwa macho mapole, akasema tamu sana. Nikaenda jikoni nikalia.

Mama mkwe alikuwa amechanua. Alikuja, akakaa na mwanawe mchana kutwa, akimsimulia habari za utotoni, na yeye akiitikia kila kitu. "Huyu ndiye mwanangu niliyemzaa," akaniambia wakati namsindikiza. "Ule ubishi aliupata kwako." Ni mama, na hata yeye alikuwa amepata anachokitaka kwa bei asiyoijua.

Binti yetu hakuchanua. Yeye anafunga sabuni kwenye kiwanda kule chini ya mteremko, na alipokuja mara ya kwanza baba yake akasimama, akampa mkono, akamwambia, "Karibu, dada." Binti akacheka, akadhani ni utani wa zamani umerudi. Akangoja mwisho wa utani. Haukuja. Toka hapo akija anakaa nami jikoni, na sauti yake anaishusha, kama tunavyoshusha sauti nyumba yenye maiti. Mimi ndiye niliyekuwa namkaripia. "Baba yako yupo," namwambia. "Ametulia tu. Atarudi."

Halafu bosi akaja na mfuko wa matunda. Hakukaa hata chai ipoe. "Fundi, uko tayari kurudi kazini?"

"Tayari."

Neno lile halikuwahi kumtoka upesi hivyo. "Bosi, hajawa sawa," nikasema.

"Shemeji, mwenyewe amesema. Na umemsikia? Kwa mara ya kwanza." Akacheka, akampiga mume wangu begani, na mume wangu naye akacheka, akaacha bosi alipoacha.

Akavaa ovaroli. Nilimfunga vifungo, na kile cha mfuko nikakikaza kwa uzi mpya, nikiwa najidanganya kwamba mwili una kumbukumbu zake. Na ulikuwa nazo, hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mikono ilijua. Ilifungua, ilisafisha, ilipanga spana juu ya kile kitambaa chekundu nilichompa miaka mingi, kubwa mpaka ndogo. Ilichukua funguo ikazitia mfukoni. Ungemwangalia kwa mbali ungesema ni yuleyule. Lakini dereva akipita na kusema, "Fundi, tayari?" anajibu, "Tayari," na funguo zinatoka. Hakwenda tena kilimani. Hakunusa vidole. Magari yalitoka pale gereji kama maji kwenye bomba lililopasuka, na bosi akawa anaimba. Madereva wakasema tumbadilishe jina, tumwite Tayari. Walicheka sana. Mimi nilikuwa nashona, na kila gari lililokata kona kutoka nje nililisindikiza kwa sikio mpaka mlio wake upotee.

Siku moja gari la mikate lililotoka pale asubuhi halikusimama kwenye geti la soko. Liling'oa nguzo. Hakuna aliyeumia, ila mikate ilitapakaa barabarani na watu wakaokota. Bosi akasema madereva wa siku hizi wanakimbizana na nini. Mafundi wakaitikia. Mimi nilitazama upande wa mume wangu. Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa, na alikuwa anatabasamu kwa sababu wengine walikuwa wanaongea.

Jioni ile, chungu kikiwa bado jikoni, nikakaa mbele yake mezani.

"Lile gari la mikate, ulilijaribu kilimani?"

"Nililijaribu."

Nikashusha pumzi. Karibu niinuke. Sijui nini kilinirudisha kwenye kiti. "Au hukulijaribu?"

"Sikulijaribu."

Uso uleule. Sauti ileile, tulivu, ya kupendeza.

"Tumeshakula?" nikamuuliza.

"Tumeshakula."

"Hatujala."

"Hatujala."

"Baba yako mzima?"

"Mzima." Baba yake ni yeye mwenyewe aliyemzika, alishika koleo mpaka mwisho, akakataa kupokewa.

Nilikuwa nalia sasa, na sikutaka kuendelea, lakini mdomo ulishakwenda. "Bado?" nikasema.

"Bado," akasema.

Lilikuwa neno lenyewe, na sauti yenyewe, ile ya kulishusha mwishoni kama mtu anayeweka kitu kizito chini. Alikuwa amekaa mbele yangu, mume wangu, mbishi wangu, kwa muda wa neno moja. Niliunyoosha mkono nikamshika. Kisha, na nisamehewe, nikataka kuhakikisha.

"Tayari?"

"Tayari," akasema, akaufunika mkono wangu kwa mkono wake, kwa huruma, kama unavyomfariji mtu usiyemjua kwenye kituo cha basi.

Basi nilijua. Mle ndani hamkuwa na mtu wa kusema ndiyo wala wa kusema hapana. Mlikuwa na neno lako mwenyewe linakurudia. Nilimweleza daktari, akasema mpe muda. Nilimweleza mama mkwe, akasema wewe ndiye hutaki mwanangu apone. Kwa bosi mdomo ulikuwa mzito. Nikisema pale mbele ya watu, wangemvua ovaroli. Na akivuliwa ovaroli, lile jina, ile mikono, ile sehemu ya kwenda asubuhi, vyote vinakwenda, na ningekuwa nimemzika kwa mdomo wangu, mtu anayepumua. Nikajiambia nitamlinda mwenyewe. Niligeuza cherehani yangu ikatazama shimo. Nikawa nashona huku naangalia, na mishono yangu ikaanza kwenda kombo, kitu ambacho hakijawahi kunitokea.

Lile basi dogo la kiwanda cha sabuni lililetwa asubuhi. Dereva wake ni mzee tunayemwita Taratibu, maana hata akipishana na mwenye mkokoteni anapunguza mwendo. Taratibu alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa hawacheki habari za kubadilisha jina. Alisema tu breki zimekuwa laini, angependa Bado aziangalie kabla ya zamu ya mchana. Hilo ndilo basi la binti yetu. Linashusha wafanyakazi kwenye ule mteremko wa kiwandani, mrefu, umenyooka, na chini kabisa kuna ukuta wa mawe.

Sikushona kitu siku ile. Niliweka kitambaa chini ya sindano nikakiacha. Mume wangu aliingia shimoni, akafanya kazi vizuri, na kwa kweli nilianza kupumua. Alibadilisha bomba dogo la mafuta ya breki. Nilimwona anaanza kuizungusha nati kwa vidole, kama inavyotakiwa, kwanza vidole, ndipo spana. Mkono wake wa kulia ukainuka kuelekea kwenye kitambaa chekundu.

"Fundi!" Bosi alikuwa amesimama mlangoni kwake, simu sikioni. "Umeshakaza?"

Mkono ukasimama hewani.

"Nimeshakaza," akasema mume wangu. Mkono ukashuka, mtupu. Akatoka shimoni, akajifuta, akatia ufunguo mfukoni. Ile spana ndogo ilikuwa imelala mahali pake kwenye kitambaa, safi, haijaguswa.

Nilivuka uwanja. "Bosi, ile nati haijakazwa. Nimeona kwa macho yangu. Spana hii hapa."

"Shemeji." Alifunika simu kwa kiganja. "Fundi, umekaza au hujakaza?"

Kidogo nimshukuru Mungu kwa swali lile. Lakini mume wangu alichukua muda, akatafuta usoni mwa bosi ni lipi kati ya yale mawili linatakiwa, akaliona. "Nimekaza, bosi."

"Haya. Umesikia. Shona viti, shemeji, kila mtu na kazi yake."

Ng'ambo ya barabara zamu ya mchana ilikuwa imeshakusanyika kituoni, na binti yangu alikuwa katikati yao na leso yake ya kazini kichwani, anacheka na mwenzake. Aliniona akanipungia. Nilishindwa kuinua mkono. Taratibu alikuwa ameshapanda, amekaa nyuma ya usukani na mlango wake wazi, lakini hakuuomba ufunguo. Hajawahi kuuomba. Alikuwa anangoja apewe, kama sheria ya zamani.

"Mpe ufunguo," bosi akasema.

Mume wangu akafungua kifungo. Nikaingia katikati, nikamsogelea mpaka ikawa pua kwa pua, nikamshika kola ya ovaroli kwa mikono miwili, na nikamwambia neno lenyewe usoni, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

"Bado?"

Nilimwona akilichukua. Akalichukua kwangu, akalishusha taratibu, kama mtu anayeweka kitu kizito chini.

"Bado," akasema.

Taratibu akashuka kwenye basi. Hakuuliza la pili. Alifunga mlango nyuma yake, akasimama kando na mikono nyuma, kama walivyokuwa wakisimama siku zote wakiambiwa neno lile. Mmoja wa mafundi akaingia shimoni na tochi, akabaki chini kwa muda, na alipotoka mkono wake ulikuwa umelowa mafuta mpaka kwenye kifundo.

"Imekazwa kwa vidole," akasema. "Nimeizungusha kwa vidole viwili ikatoka."

Ungekuwepo ungeona. Walimvamia kwa furaha. Walimpiga mgongoni, walimkumbatia, mtu mzima fulani alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha grisi. "Amerudi," walikuwa wanasema. "Alikuwa anatupima tu, mbishi huyu." Bosi jasho lilikuwa limemtoka usoni, simu imening'inia mkononi, sauti ya mtu bado inaita ndani yake. Alicheka kicheko cha mtu aliyeponea. "Mimi nilijua," akasema. "Bado yupo."

"Yupo," akasema mume wangu.

Wakapasuka kwa kicheko. Naye akacheka, akaacha walipoacha.

Nilisimama mle ndani ya furaha yao na nikaona yote yatakavyokuwa. Kesho wangemletea magari mengi zaidi, maana sasa wana imani. Ningesimama nyuma yake kila siku nikimlisha neno, bado, bado, na lingekuwa neno langu, kwa sauti yake. Na siku moja ningekuwa nimeinama kutia uzi kwenye tundu la sindano. Kituoni binti yangu alikuwa ananyoosha shingo kuangalia kwa nini basi halijaja.

"Bado hayupo," nikasema.

Walisikia, lakini walisikia la kwao. "Hajarudi vizuri, ndiyo," bosi akasema, mpole kabisa. "Lakini si unaona mwenyewe, shemeji? Anarudi pole pole."

"Sisemi hajarudi. Namsema Bado. Hayupo." Nilikuwa na hasira nao wote, kwa kunilazimisha kusema mara mbili. "Lile neno nimemtilia mimi mdomoni. Ukimwambia tayari atasema tayari. Muulizeni chochote. Muulizeni kama hayupo."

Hakuna aliyetaka. Ni Taratibu aliyesogea, mzee wa watu, akavua kofia, akamwangalia rafiki yake machoni kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anamtafuta, kama nilivyomtafuta mimi kwenye chai.

"Bado," akamwita, polepole. "Hupo?"

Mume wangu akamtabasamia. Alitaka sana kumridhisha.

"Sipo, mzee," akasema, kwa adabu.

Taratibu akarudisha kofia kichwani. Bosi akageuka akaenda kusimama karibu na ukuta. Mimi nikanyoosha mkono nikafungua kile kifungo nilichokishona mwenyewe, nikautoa ufunguo wa basi, na ufunguo wa gari jingine uliokuwa chini yake, nikaangalia kama mfuko umebaki mtupu, nikaufunga tena. Alinyoosha kifua kidogo ili nisipate shida.

"Asante, mama," akaniambia.